Sehemu Aliyoachiwa Mjomba

Lewisham, London
8 Juni 2025

Kwako Yaya Alexis, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa mezani jikoni, nimerudi kazini sasa hivi na viatu bado viko miguuni. Nawatakia amani wewe, wifi yangu Nsimire na wote walio karibu nanyi pale Kadutu, Bukavu. Sisi tupo. Mume wangu Gires bado anafanya usafi kwenye lile jumba la maduka la Stratford. Mgongo unamsumbua, ila hasemi mpaka nimwone anainama. Mimi bado nahudumia wazee majumbani kwao. Asubuhi huanza na Mzee Rasik, Mhindi aliyezaliwa Mombasa, ambaye siku ya kwanza tu aliponisikia nikiongea na simu alinijibu kwa Kiswahili kutoka kitandani. Tangu hapo hataki mtu mwingine amwandalie chai.

Yaya, tangu Pasaka sijasikia sauti yako. Nikipiga anapokea Nsimire. Mara umelala, mara umekwenda parokia, mara umetoka sasa hivi. Nilimwuliza kama kile kifua kimerudi, akasema kifua kinaendelea vizuri, na akayasema hayo haraka mno. Ndiyo maana nimeona niandike. Pacifique wa kanisa letu la Peckham anakwenda Kigali kwa shughuli za kanisa, na dada yake atavuka mpaka na kukuletea barua mkononi.

Kilichonikalisha mezani ni binti yangu Miradie. Yuko mwaka wa mwisho pale chuo cha muziki, na mwezi wa kumi na moja ataimba mbele ya waamuzi. Amechagua muziki wanaouita baroki. Nilimwuliza ni muziki gani huo, akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba ni mambo marefu. Alinijibu kwa upole ule ninaoutumia mimi kumwambia mgonjwa kwamba daktari atakuja kesho. Kila siku nasikia mlangoni mwake maneno: kantata, oratorio, resitativu, da capo. Mtoto wangu anaishi ndani ya maneno hayo na mimi napita nje na kapu la nguo.

Wewe ndiye uliyemwasha. Ile likizo aliyokuja kwako akiwa na miaka tisa, ukamsimamisha juu ya benchi katikati ya korali yako, waimbaji wako wa parokia, alirudi huku ni mtu mwingine. Basi nieleze na mimi. Nieleze kama unavyowaeleza wanakorali wapya wasiojua kitu. Sitaki kuimba, nataka tu niweze kumwuliza swali moja la maana.

Mdogo wako,
Josée

*

Bukavu
29 Juni 2025

Mdogo wangu Josée,

Nimeipokea barua yako kutoka kwa dada yake Pacifique, na nimeisoma nimekaa kibarazani huku Nsimire akichambua maharage. Anakusalimu. Msalimie shemeji Gires, mwambie ajifunge mshipi mpana kiunoni anapofanya kazi. Simu yangu imeharibika, na hata ingekuwa nzima, tangu mji uingie mikononi mwa waasi mtandao ni wa kubahatisha. Usinipigie, utajichosha bure. Tuandikiane. Kifua kimepona. Dawa zilikuwa kali, lakini zimefanya kazi yake.

Sasa somo. Umenifurahisha kuliko unavyojua, kwa maana siku hizi sina mwanafunzi mpya.

Usiogope jina. Baroki ni muziki wa Ulaya wa karne tatu na zaidi zilizopita. Watunzi wa wakati ule walipenda wimbo ushike hisia moja na usiiachie. Kama ni huzuni, ni huzuni mpaka mwisho, na kama ni hasira, ni hasira. Kantata ni kisa kifupi cha kuimbwa, iwe kanisani au sebuleni mwa mtu mkubwa. Oratorio ni kisa kirefu, mara nyingi cha Biblia, ambacho huimbwa watu wamesimama tu bila kuigiza. Ndani yake kuna vitu viwili vinavyopokezana. Resitativu ni pale mwimbaji anapozungumza kwa sauti ya kuimba: fulani alikuja, fulani akasema, habari inasogea. Kisha habari inasimama, na mwimbaji anabaki na moyo wake. Hapo ndipo aria. Katika aria hakuna kinachotokea. Mtu anahisi tu.

Da capo maana yake tangu kichwani, yaani tangu mwanzo. Aria ya da capo ina sehemu tatu, lakini mtunzi huandika mbili. Ya kwanza inasema jambo. Ya pili inaligeuza jambo hilo upande mwingine, mara nyingi ni fupi. Kisha mtunzi anaandika neno hilo, da capo, na kuweka kalamu chini. Mwimbaji anarudi mwanzo, ila hatarajiwi kurudia vile vile. Anatia mapambo yake: anakawia hapa, anapanda pale, noti moja anaigawa kuwa nne. Mbili za kwanza ni za mtunzi. Ya tatu ndiyo inayokuambia ni nani anayeimba. Nimewahi kuwa na waimbaji wenye sauti nzuri sana ambao walipofika hapo nikajua hawana la kusema.

Kuna na fuga, ambapo sauti zinaingia moja baada ya nyingine zikishika wazo lile lile. Hiyo inahitaji karatasi kubwa. Siku nyingine.

Mwulize Miradie hivi: mapambo ya sehemu ya tatu umeyapata wapi?

Kaka yako,
Alexis

*

Lewisham
20 Julai 2025

Yaya wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta nyote wazima, na kwamba Nsimire alimaliza maharage yake kwa amani. Huku joto limekuwa kali, nyumba zao hizi hazikujengwa kwa jua. Gires amepata mshipi. Mzee Rasik alianguka chooni lakini hakuvunjika kitu, alikasirika tu.

Swali lako nililiuliza. Tulikuwa tunakula, Gires akiwa kazini. Nikamwuliza kwa Kiswahili, kama ulivyoliandika, mapambo ya sehemu ya tatu ameyapata wapi. Aliweka kijiko chini. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema mjomba wako. Yaya, mtoto alicheka, kisha akaanza kuniambia. Aliongea mpaka chakula kikapoa. Nilielewa labda nusu, lakini ilikuwa nusu niliyokuwa sina.

Anaimba aria ya Hagari kutoka oratorio moja ya Kiitaliano ambayo, anasema, watu hawaiimbi sana. Ni pale maji yamekwisha jangwani na Hagari anamlaza mtoto chini ya kichaka, kisha anakwenda kukaa mbali ili asimwone akifa. Sehemu ya kwanza anamwaga machozi. Sehemu ya pili anamkasirikia Ibrahimu, baba wa mtoto, aliyewafukuza. Kisha anarudi kwenye machozi. Kuhusu mapambo, alisema bado. Alisema kuna mtu anataka kumwuliza kwanza.

Jana alinipa kitu hiki nilichokufungia ndani ya kitambaa. Ni flashi, amejirekodi humo akiimba, mwenzake akimpigia kinanda. Inaingia kwenye redio yako ile. Alinisihi nisiisikilize mimi, ni yako peke yako. Sikuisikiliza. Amekuwa akiniuliza kila jioni Pacifique anasafiri lini.

Tafadhali mjibu upesi. Anakungoja kuliko anavyoonyesha.

Mdogo wako,
Josée

*

Bukavu
24 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Sisi wazima, tunaendelea. Mvua bado. Nsimire alikwenda Kabare kumwona mama yake na amerudi salama. Pole kwa Mzee Rasik.

Flashi imefika na nimeisikiliza. Mwambie Miradie kwamba sauti yake imekomaa. Sehemu ya kwanza ameituliza vizuri, hakuharakisha. Ya pili ameiacha ichemke kidogo, inavyotakiwa. Na aliporudi katika sehemu ya tatu, mapambo yake yalikuwa ya kiasi, ya mtu anayejua anachokifanya. Asiongeze wala asipunguze. Mjomba wake ameridhika sana.

Samahani kwa ufupi, anayepeleka barua anangoja mlangoni.

Alexis

*

Lewisham
14 Septemba 2025

Kaka Alexis,

Tunawasalimu. Gires mzima.

Barua yako ilifika Jumatano. Nilimsomea Miradie jikoni, nikimtafsiria pale anapokwama. Nilipomaliza aliniomba nirudie yale ya sehemu ya tatu. Nikarudia. Akasema, "Mama, hakuna sehemu ya tatu."

Sikumwelewa. Akatoa simu yake, akaniwekea ule wimbo aliokutumia, nikausikia kwa mara ya kwanza. Anaimba ya kwanza. Anaimba ya pili. Kisha kinanda kinasimama, naye anasema kwa Kiswahili chake kile, polepole, nadhani alikifanyia mazoezi: "Mjomba, ile ya mwisho ni ya wewe. Imba, mimi nitafuata." Baada ya hapo ni kimya.

Aliiacha wazi makusudi. Alitaka umwimbie umrudishie kwenye flashi ile ile, kama ulivyokuwa ukimwimbia akiwa juu ya benchi. Na wewe umemsifu kwa mapambo ambayo hakuyaimba.

Hakulia. Alisema hapana neno, mjomba ana mambo mengi, huko kuna vita. Lakini karatasi za wimbo ule ameziondoa mezani, na amemwambia mwalimu wake kwamba anataka kubadilisha wimbo. Jioni anarudi amechelewa na kwenda moja kwa moja chumbani. Sasa hata ile nusu niliyopewa nimenyang'anywa.

Kama hukupata nafasi ya kusikiliza ungesema tu. Tungengoja. Mtoto hakukuomba sifa.

Josée

*

Lewisham
5 Oktoba 2025

Yaya Alexis,

Najua bado hujaijibu barua iliyopita, na labda haijakufikia. Naiandika hii kabla sijapata jibu kwa sababu siwezi kukaa nayo. Amani kwenu nyote.

Nitakueleza jambo la Mzee Rasik. Juzi nilifika kwake asubuhi, na vile vifaa vyake vya masikioni vilikuwa mezani, vimekwisha betri, mimi sikuviona. Nilimwuliza kama nifunge dirisha, akanijibu kwa ile adabu yake, "Nshakunywa mama, ahsante." Nikacheka, nikamwuliza kama mwanawe alipiga simu jana. Akasema, "Tamu, sukari yatosha." Hakuwa amechanganyikiwa, Yaya. Saa ile kila siku namwuliza juu ya chai, basi alinijibu kile alichojua nitamwuliza. Alijibu vizuri kabisa, na uso wa mtu aliyesikia.

Nikasimama na kikombe mkononi. Nikaiona barua yako ya Agosti, neno kwa neno.

Nikakumbuka kwamba simu imeharibika lakini ya Nsimire haijaharibika. Nikakumbuka kwamba kila mwaka hukosi kunieleza sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, korali iliimba nini, nani alikosea, padri alisema nini, na mwaka huu umeniandikia siku chache tu baada ya sikukuu bila kuitaja.

Nafanya kazi na watu wa namna hii kila siku. Ningelijua mapema kama usingekuwa kaka yangu.

Yaya, unasikia?

Sitaki barua ndefu wala ya kunituliza. Nijibu tu.

Josée wako

*

Bukavu
2 Novemba 2025

Mdogo wangu Josée,

Sisikii.

Nimekaa na barua zako mbili tangu wiki iliyopita, zilifika pamoja. Leo ni siku ya kuwaombea marehemu, Nsimire amekwenda makaburini kwa mama yetu na baba, na mimi nimebaki nikuandikie. Sikukuficha kwa sababu sikukuamini. Nilikuficha kwa sababu kwako nilikuwa bado nasikia. Palibaki sehemu moja tu duniani ambapo mimi ni mwalimu wa korali, na sehemu hiyo ilikuwa barua zako.

Kile kifua kilikuwa kifua kikuu, kile sugu kisichokubali dawa za kawaida. Vidonge vipya vilikuwa vinangojwa, na barabara na kiwanja cha ndege vikafungwa. Daktari, binti mdogo kuliko Miradie kwa kumtazama, alinikalisha akaniambia ukweli wote. Zipo sindano za zamani. Zinaweza kuniponya, na zinaweza kuchukua masikio yangu. Nikamwuliza kama yatarudi. Akasema hapana. Nsimire alikuwa kando yangu, akanishika mkono akasema, "Chagua kuishi." Nikachagua. Hakuna aliyenikosea, Josée. Hata leo ningechagua vile vile, nadhani.

Zilianza kuondoka sauti za juu. Kwanza ndege wa asubuhi, kisha kengele ndogo ya altareni, kisha soprano zangu. Nilidhani wanaimba kwa uvivu, nikawagombeza. Baada ya Pasaka zilikwenda na besi. Usinitafutie vifaa huko London. Daktari alinieleza kwamba kifaa hukuza sauti inayofika, na kwangu haifiki.

Sikuwaambia wanakorali. Wimbo nilikuwa naujua, midomo yao naiona, mkono wangu unajua mahali pa kupiga. Niliwaongoza hivyo wiki nyingi. Sikukuu ya Kupalizwa tuliimba kantata ile fupi niliyoitia maneno ya Kiswahili. Katikati umeme ulikatika na kinanda kikanyamaza, nao wakasimama. Kanisa zima likasimama. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Niliendelea kupiga mkono, Josée, nikaingiza alto, nikaingiza besi, nikawapunguza mwishoni kama ninavyopenda. Nilipofumbua macho walikuwa wananitazama midomo imefungwa, na mmoja wa wanawake wa safu ya mbele alikuwa analia. Sijarudi tangu siku ile. Wananitembelea. Wanaongea wakinitazama usoni polepole kama wanaongea na mtoto.

Flashi ilifika siku chache baadaye. Nilimwambia Nsimire aende kwa mama yake, sikutaka anione. Niliiweka kwenye redio, nikaweka redio mapajani, nikatazama ile taa yake ndogo mpaka ikazimika. Nilisema moyoni, aria ya da capo naijua, kitakachokuwa humo nakijua. Nikakuandikia kile ninachokijua. Kama angeimba wimbo wote, mngeniamini mpaka leo.

Sasa umeniambia alichokisema mwishoni. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko inavyofaa.

Najua utaniomba nimwandikie mapambo kwa noti. Noti naziandika bado, hilo halikuondoka. Nilijaribu wiki hii yote. Nimechana karatasi zote. Mapambo hayo hushonwa kwa koo la mtu, inabidi ujue anapumulia wapi, sauti yake inakuwa nyembamba wapi, inajaa wapi. Ya Miradie ya sasa siijui. Ningemwandikia kitu sahihi kisichokuwa chake, na yeye kwa heshima angekiimba. Nimeshamdanganya mara moja.

Mwambie ukweli wote. Mwambie asibadilishe wimbo.

Alexis

*

Lewisham
7 Desemba 2025

Yaya wangu,

Amani iwe kwako na kwa Nsimire, na umwambie wifi yangu kwamba simlaumu tena kwa yale majibu ya simu.

Nilimwambia Miradie. Nilimtafsiria barua yako yote, na nilipofika pale kanisani, mkono ukiendelea peke yake, sikuweza, akaichukua akamaliza mwenyewe kwa kusoma herufi moja moja. Safari hii alilia. Alilia na Gires akalia naye, wamekaa kwenye ngazi. Kisha akaenda kuzitoa zile karatasi za Hagari.

Umesema hujui sauti yake. Sina elimu yako, lakini nilikuwepo, na nitakuandikia nilichokisikia, kila kitu. Labda kwa njia hiyo kitafika.

Wiki moja kabla ya kuimba mbele ya waamuzi aliniuliza swali la ajabu. Nilikuwa natwanga vitunguu saumu. Aliniuliza kwa Kiswahili, "Mama, kwenu wamama wanalia namna gani mtu amekufa?" Nilidhani anauliza juu ya desturi, nikaanza kumweleza. Akasema hapana, nilie. Nikamwambia mtu halii bure. Akangoja. Basi niliweka mchi chini, nikamlilia kama mama yetu alivyomlilia baba, unakumbuka, akianza juu kabisa kisha anaangukia jina lake, anavuta pumzi, anaangukia tena. Sikujua kilio kile bado ninacho. Jirani wa chini akagonga dari. Miradie aliniomba nirudie, nikarudia, naye akiwa amefumba macho.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa jioni, kwenye kanisa moja la zamani katikati ya mji, baridi ikitoka sakafuni. Gires alitoka Stratford moja kwa moja na sare ya kazi chini ya koti. Waamuzi walikuwa watatu, safu ya mbele. Miradie alisimama amevaa gauni jeusi, mikono ameiacha tu ubavuni.

Sehemu ya kwanza alianza chini. Sauti yake chini ni nzito, Yaya, ina kitu kama vumbi ndani yake, haing'ari. Ikipanda inasafika. Inapofika juu haipigi kelele, inakuwa nyembamba lakini haikatiki, unaiogopea lakini haikatiki. Anapumua mahali ambapo usingetegemea, katikati ya neno, kama mtu aliyekimbia. Ya pili alikuwa mkali, alimtazama Gires usoni, nikamhurumia Gires. Kisha akanyamaza. Mpiga kinanda alimngojea. Watu wakaanza kugeuka.

Aliporudi alianzia juu. Hapakuwa mahali alipoanzia mara ya kwanza. Alianzia juu kabisa na akaangukia lile neno la mtoto, akavuta pumzi, akaliangukia tena. Alikuwa mama yetu. Ilikuwa Kiitaliano na kinanda kikicheza taratibu chini yake, na alikuwa mama yetu siku ile uani. Mkono wangu ulikuwa mdomoni. Mzungu mmoja aliyekaa karibu nami alinipa kitambaa bila kunitazama.

Amefaulu. Mwalimu wake alimwambia kwamba mapambo yale si ya kipindi kile, watu wa wakati ule wasingeimba hivyo. Miradie alimjibu kwamba Hagari naye hakuwa Mwitaliano. Haya amenisimulia mwenyewe tukiwa kwenye basi, akiniegemea begani. Sasa ananisimulia mambo.

Yaya, niambie kama umesikia hata kidogo.

Josée

*

Bukavu
11 Januari 2026

Mdogo wangu Josée,

Mwaka huu uwatunze nyote. Nsimire anasema asante kwa lile neno. Gires apumzike.

Barua yako nimeisoma kibarazani, nimeisoma chumbani, nimeisoma mlango umefungwa. Umeandika vizuri sana. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kunieleza sauti namna ile. Pumzi katikati ya neno, nimeielewa. Vumbi la chini, nimelielewa. Na jibu lake kwa mwalimu nimelicheka mpaka Nsimire akaja kuona nina nini.

Umeniuliza kama nimesikia. Nilikuwa nimeshaandika ndiyo. Karatasi hiyo ipo hapa, imekunjwa. Lakini niliwahi kumwandikia mtoto sifa za kitu ambacho sikukisikia, na sitaki kufanya hivyo tena.

Sikusikia, Josée.

Kilio cha mama nakisikia hata sasa, nikifumba macho, kizima, mpaka pale pumzi inapoingia. Lakini ninapojaribu kukitia kinywani mwa Miradie, kama ulivyonieleza, kinakatika. Naona gauni jeusi. Naona mikono iliyoachwa ubavuni. Naona kinywa kimefunguka. Ninangoja. Nimengoja jioni nyingi. Sauti yake ya ukubwani, ile ambayo wewe sasa unaishi nayo nyumba moja, mimi sitaipata, na hakuna anayeweza kuniandikia.

Mwambie nimefurahi. Hilo ni kweli. Mwambie alichokifanya katika sehemu ya tatu nisingeweza kumpa mimi, hata nikiwa na masikio yangu yote, na hilo nalo ni kweli. Asiimbe tena akiniwaza. Mtu anayeimba kumngojea asiyesikia atakuwa anakaza koo bila kujua, na baada ya miaka atalipoteza.

Nawe nakuomba jambo, usikasirike. Usiniandikie tena habari za muziki, mpaka nikuombe mwenyewe. Niandikie habari za mvua ya huko. Niandikie soko la Lewisham, wanauza nini, nani kagombana na nani. Niandikie Mzee Rasik kasema nini leo. Hizo naweza kuzisoma mbele ya Nsimire.

Kaka yako,
Alexis